Mita 26 si kimo: namna ya kupata eneo la shamba lenye umbo la trapeza

Swali: "Mwalimu, salamu kutoka Malava. Nataka kununua kipande cha shamba kando ya barabara ya murram. Upande wa barabara ni mita 70, upande wa nyuma ni mita 28, na hizo pande mbili zinakwenda sambamba. Ubavu wa kushoto ni mita 26 na wa kulia ni mita 40. Wakala amepiga hesabu akapata mita mraba 1,617, anasema ni eka 0.4, na bei ni shilingi milioni mbili kwa eka. Binti yangu wa Gredi ya 8 amechukua kanuni ya trapeza kutoka kwenye daftari lake akapata 1,274. Nani yuko sawa? Na hiyo kanuni inagawanya kwa mbili kwa nini? Halafu nyumbani kwa mama yangu tuna kipande kinachoshuka hadi kijitoni, na upande wa kijito umepindapinda. Huko nako tupimeje?"

Jibu:

Mama, wote wawili wamekosa. Binti yako amekosa kidogo, tena kosa lake linaeleweka. Wakala amekosa kwa karibu ploti nzima ya futi hamsini kwa mia. Kipande hicho, ikiwa vipimo ulivyonipa ni sahihi, kina mita mraba 1,176, yaani eka 0.29. Kwa bei ya milioni mbili kwa eka, thamani yake ni kama shilingi 581,000. Wakala anataka karibu 800,000. Usilipe chochote kabla hujamaliza kusoma.

Tuanze na kanuni, maana binti yako ameiandika vizuri. Eneo la trapeza ni:

Eneo = ½ × (a + b) × k

Hapo a na b ni zile pande mbili zilizo sambamba, na k ni kimo. Kwako a ni 70 na b ni 28. Jumla yake ni 98, nusu yake ni 49. Mpaka hapo wakala na binti wako pamoja, na wote wako sawa. Wanapoachana ni kwenye k. Binti ameweka 26, ule ubavu wa kushoto, akazidisha 49 × 26 akapata 1,274. Wakala amechukua wastani wa mbavu mbili, 26 na 40, akapata 33, na 49 × 33 ndiyo ile 1,617 yake.

Kimo hakimo katika namba nne ulizonitumia. Kimo ni umbali wa kwenda moja kwa moja kutoka upande wa nyuma hadi barabarani, kwa pembe ya nyuzi 90, bila kuegemea kushoto wala kulia. Ubavu wa mita 26 unaegemea, kwa hiyo lazima uwe mrefu kuliko kimo. Ule wa mita 40 unaegemea zaidi. Nimewaona wanafunzi wa miaka mingi wakifanya kosa la binti yako, na lawama nyingi naziweka kwenye michoro ya vitabuni. Trapeza ya kitabuni mara nyingi huchorwa na ubavu mmoja uliosimama wima, na hapo ubavu ndio kimo. Mtoto anazoea kuchukua namba iliyoandikwa kando ya mchoro. Akikutana na shamba halisi, lililolala pande zote mbili, mkono unakwenda kwenye namba ileile ya kando.

Sasa kimo tunakipataje bila kurudi shambani? Bahati nzuri ni kwamba umesema pande mbili ni sambamba, na hilo linatosha. Chora shamba lako kwenye karatasi, upande wa mita 70 chini. Kutoka kona ya nyuma ya kulia, chora mstari unaoteremka sambamba na ubavu wa kushoto hadi barabarani. Umekata shamba vipande viwili. Kushoto umepata msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba, wenye kitako cha mita 28. Kulia umebaki na pembetatu yenye pande 26, 40, na 70 − 28, yaani 42. Kimo cha pembetatu hiyo ndicho kimo cha shamba zima.

Pembetatu unayoijua pande zake tatu ina kanuni yake, nayo inapewa jina la Heron wa Aleksandria, Mgiriki aliyeishi Misri katika karne ya kwanza. Jumlisha pande tatu, gawanya kwa mbili: 26 + 40 + 42 = 108, nusu ni 54. Kisha toa kila upande kutoka 54, utapata 28, 14 na 12. Zidisha zote nne: 54 × 28 × 14 × 12 = 254,016. Kipeuo chake cha pili ni 504, na hilo ndilo eneo la pembetatu. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, basi kimo ni 504 × 2 ÷ 42 = 24.

Mita 24. Weka kwenye kanuni: 49 × 24 = 1,176.

Kama huamini, jaribu kwa njia nyingine. Ukiteremsha mistari miwili ya wima kutoka kona za nyuma, utaona ubavu wa kushoto umeingia ndani mita 10, kwa sababu 10² + 24² ni 676, ambayo ni 26². Wa kulia umeingia ndani mita 32, kwa sababu 32² + 24² ni 1,600, ambayo ni 40². Kumi na 28 na 32 zinarudisha zile 70 za barabarani. Katikati una mstatili wa 28 × 24, yaani 672. Kushoto una pembetatu ya 120, kulia pembetatu ya 384. Jumlisha. Ni 1,176 tena.

Kuhusu kugawanya kwa mbili, mwambie binti yako achukue katoni ya sabuni na makasi. Akate trapeza mbili zinazolingana kabisa, ya umbo lolote. Moja ailaze kama ilivyo, ya pili aigeuze juu chini, kisha azigandishe kwa mbavu zinazofanana. Atapata msambamba mmoja mrefu. Kitako chake ni upande mrefu wa trapeza moja na upande mfupi wa nyingine vikiwa vimepangana, yaani a + b. Kimo hakijabadilika. Eneo la msambamba ni kitako mara kimo, lakini humo ndani mna trapeza mbili na yeye anataka moja. Ndiyo sababu ya nusu.

Mimi binafsi napenda zaidi maelezo ya pili, kwa sababu yanasaidia hata shamba lisipokuwa trapeza. Kata shamba lako kwa mstari mmoja kutoka kona ya kushoto ya barabarani hadi kona ya kulia ya nyuma. Una pembetatu mbili. Moja ina kitako cha mita 70 barabarani na kimo cha 24, kwa hiyo eneo lake ni 840. Nyingine ina kitako cha mita 28 nyuma na kimo kilekile cha 24, eneo lake ni 336. Pamoja ni 1,176. Kanuni ya trapeza ni pembetatu mbili zinazochangia kimo kimoja, na ile nusu imetoka kwenye pembetatu.

Sasa nirudi kwa wakala. Sitamwita mwizi, kwa sababu njia yake ni ya zamani na inatumika mashambani kote huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia. Unajumlisha pande zinazotazamana, unagawanya kwa mbili, unafanya hivyo kwa jozi zote mbili, unazidisha. Njia hiyohiyo imeandikwa kwenye ukuta wa hekalu la Edfu kule Misri, katika orodha ya mashamba ya hekalu ya enzi za wafalme wa ukoo wa Ptolemaios. Kwa ploti iliyopimwa vizuri, yenye kona zinazokaribia nyuzi 90, haina neno. Chukua kipande chenye mita 30 mbele, 28 nyuma, na mbavu za 50 na 50. Kimo chake ni 49.99. Tofauti ni chini ya mita mraba moja, na hakuna atakayegombana kwa hiyo.

Shida ni shamba linapolala. Chukua fito nne, zipigilie msumari mmoja mmoja kwenye kona uwe na fremu kama ya kitanda, kisha isukume kando. Fito hazijafupika hata kidogo, lakini nafasi ya ndani inazidi kupungua, hadi fremu inalala chini kabisa na ndani hakuna kitu. Njia ya wakala inasoma urefu wa fito peke yake. Itakupa jibu lilelile fremu ikiwa imesimama au imelala. Kwako, ubavu wa kulia umelala sana: kona yake ya barabarani ni ya nyuzi 37 tu, ndiyo maana hesabu imepotea kwa mita mraba 441.

Jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni kwamba njia hiyo haikosei pande zote mbili. Ikikosea, siku zote inatoa eneo kubwa kuliko la kweli. Kwa wanaopenda ushahidi: kata pembenne yoyote kwa mstari wa kona hadi kona. Kila pembetatu inayopatikana haiwezi kuzidi nusu ya pande zake mbili zikizidishwa, na inafikia nusu hiyo pale tu pande zinapokutana kwa nyuzi 90. Fanya hivyo kwa mistari yote miwili, chukua wastani, na ukomo utakaoupata ni ileile kanuni ya wakala. Yaani jibu lake ni ukubwa ambao shamba haliwezi kuupita, na linaufikia likiwa mstatili tu. Muuzaji hatapunjika hata siku moja kwa hesabu hiyo.

Na ubishi huu wa kimo na ubavu haukuanzia Malava. Kuna mafunjo ya Misri, yaitwayo ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, na sasa yako kwenye British Museum, London. Swali lake la 52 ni la shamba kama lako: upande mmoja 6, mwingine 4, na kipimo cha tatu 20. Ahmes anachukua nusu ya 6 na 4, anapata 5, anazidisha kwa 20, jibu 100. Kanuni ni ileile ya binti yako. Wataalamu wamebishana kama hiyo 20 ni kimo au ni ubavu.

Tuje kwenye tepu. Namba zako nimeziamini kwa sababu sina nyingine, lakini kabla ya kutoa pesa nenda na watu wawili na tepu ya mita 50, uhakikishe mambo mawili: kwamba pande ni sambamba kweli, na kwamba kimo ni 24.

Funga kamba kwenye mpaka wa barabarani, kutoka bikoni hadi bikoni, ikaze. Mtu mmoja asimame kwenye kona ya nyuma ya kushoto, ashike sifuri ya tepu chini kabisa kwenye bikoni. Wewe shika upande wa pili wa tepu, utembee polepole kando ya ile kamba huku tepu imekazwa. Namba itakuwa inapungua, itafika mahali itatulia, halafu itaanza kupanda. Ile ndogo kuliko zote ndiyo kimo. Usihangaike kutafuta mahali penyewe kwa usahihi wa kidole. Ukikosea mahali kwa mita nzima, tepu itasoma 24.02 badala ya 24.00. Fundi wa msingi atakuambia utumie kamba ya tatu-nne-tano, yaani pembetatu ya kamba yenye pande za 3, 4 na 5, ambayo kona ya kati ya 3 na 4 ni nyuzi 90, kupata kona sawasawa, na hiyo nayo ni njia nzuri, ila ya kutembea na tepu ni ya haraka na haihitaji fundi.

Anzia nyuma, kwenye upande mfupi. Ukianzia kona ya barabarani, mstari wa wima utaangukia nje ya shamba, kwenye mahindi ya jirani, na utajikuta unapima mahali pasipo na mpaka.

Ukimaliza kona ya kushoto, rudia kwa kona ya nyuma ya kulia. Ukipata 24 na 24, pande ni sambamba na kanuni ya trapeza inakufaa. Ukipata, tuseme, 24 na 22.5, hiyo si trapeza. Usilazimishe kanuni. Pima mstari mmoja wa kona hadi kona, uongeze kwenye zile pande nne, upige hesabu ya Heron mara mbili, pembetatu moja moja. Vipimo vitano vinatosha kwa shamba lolote la kona nne ambalo halina kona iliyoingia ndani. Kwa shamba lako kama ulivyolieleza, kutoka kona ya kushoto ya barabarani hadi kona ya kulia ya nyuma iwe mita 44.9, na kutoka kona ya kulia ya barabarani hadi kona ya kushoto ya nyuma iwe 64.6. Ukipata namba zilizo mbali na hizo, mojawapo ya vipimo ulivyopewa si kweli.

Kama ardhi ina mteremko, tepu ishikwe ikiwa imelala sawa hewani, isifuate udongo. Eneo linaloandikwa kwenye ramani na kwenye hati ni la tambarare, kana kwamba unalitazama shamba kutoka juu. Malava hakuna miinuko mikali kama ya Maragoli, lakini hata mteremko wa kushuka mita moja kwa kila tano unafanya mita 24 za chini kuwa 23.5 za ramani. Kwenye mteremko pima kwa vipande vifupi vifupi, kama ngazi.

Vipimo vya kubadilisha ndivyo vinavyowachanganya watu wazima kuliko kanuni yenyewe. Mita moja ni futi 3.28, hilo kila mtu analijua. Ila mita mraba moja ni futi mraba 10.76, kwa sababu unazidisha 3.28 kwa 3.28, na hapo ndipo kalkuleta za simu zinatoa majibu ya ajabu. Shamba lako la mita mraba 1,176 ni futi mraba 12,658 hivi. Ploti ya hamsini kwa mia ni futi mraba 5,000, sawa na mita mraba 464.5. Kwa hiyo unanunua ukubwa wa ploti mbili na nusu. Kwa hesabu ya wakala ingekuwa tatu na nusu. Eka moja ni karibu mita mraba 4,047, na hekta ni 10,000. Hati ya shamba hili, ikiwa ni sahihi, inapaswa kusoma karibu hekta 0.12. Ikisoma 0.16, muulize muuzaji hizo nyingine ziko wapi.

Nisikuache na furaha ya ploti mbili na nusu bila kukuonya. Eneo ni jambo moja, matumizi ni jingine. Kama unanuia kukata na kuuza, au kumpa kila mtoto hamsini kwa mia yake, ukizipanga sambamba na barabara utapata moja tu iliyokamilika. Kina cha shamba ni mita 24 na ploti hiyo ina urefu wa mita 30.5, basi haiwezi kusimama, lazima ilale. Ukiilaza, kina chake ni mita 15.2, na pale nyuma yake upana wa shamba umeshapungua hadi mita 43. Ploti ya pili haina nafasi. Ile kona kali ya kulia itakufaa kwa nepia na miti, nyumba haitakaa pale. Mimi ningeshusha bei kwa sababu hiyo pekee, hata kabla ya kufika kwenye kosa la hesabu.

Wengine watakuambia usihangaike na tepu, uende Kakamega ukachukue ramani ya usajili kwenye ofisi ya ardhi. Nenda, ni lazima uione, lakini ujue inakupa nini. Kama imechorwa kwa kipimo cha 1:2,500, mita 24 zako ni milimita 9.6 kwenye karatasi. Unene wa kalamu, tuseme nusu milimita, ni mita 1.25 ardhini. Na sheria yenyewe ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, inasema kwamba mipaka kwenye ramani hiyo ni ya kukadiria, isipokuwa pale ambapo rejista imeandikwa kuwa mipaka imewekwa rasmi. Ramani inakuonyesha umbo na majirani. Vipimo vya kulipia pesa vinatoka ardhini, na vya kutegemewa mbele ya sheria vinatoka kwa mpima ardhi mwenye leseni. Tepu yako inakusaidia ujue kama inafaa hata kumlipa huyo mpima ardhi aje.

Inashangaza kwamba kosa hili la ubavu silioni kwenye mitaro. Nenda mashamba ya mpunga ya Ahero, mtaro wa maji ni trapeza tupu: mpana juu, mwembamba chini. Kibarua anayelipwa kwa udongo aliochimba huweka ubao juu ya mtaro na kupima kina kwenda chini. Hapimi ule ukuta ulioinama. Juu mita 1.2, chini 0.6, kina 0.8, nusu ya 1.8 mara 0.8 ni mita mraba 0.72, na kwa mita 100 za mtaro ni mita za ujazo 72. Mtaroni kina kinaonekana, shambani kimelala chini pamoja na kila kitu.

Sasa kwa mama yako, kwenye kijito. Hapo hakuna trapeza moja, lakini kuna nyingi ndogo ukizikata mwenyewe, na kanuni ni hii hii. Chukua ule mpaka ulionyooka, unaotazamana na kijito. Kila baada ya mita 10 piga kigingi. Kutoka kila kigingi pima kwenda kijitoni kwa nyuzi 90. Hapa tepu haitembezwi kutafuta namba ndogo, kwa sababu kingo za kijito si mstari. Hapa ndipo kamba ya fundi ya tatu-nne-tano inapohitajika, ili kila mstari uende wima kutoka mpakani. Tuseme umepata 22, 25, 27, 26 na 23.

Kati ya kigingi na kigingi una trapeza yenye kimo cha mita 10, na pande zake sambamba ni vile vipimo viwili vya kijitoni. Ya kwanza ni nusu ya 22 na 25 mara 10, yaani 235. Zinazofuata ni 260, 265 na 245. Jumla ni mita mraba 1,005. Kuna njia ya mkato. Vipimo vya katikati kila kimoja kinatumika mara mbili, cha mwanzo na cha mwisho mara moja. Kwa hiyo chukua nusu ya 22 na nusu ya 23, uongeze 25, 27 na 26 nzima nzima, halafu uzidishe kwa 10. Ni 1,005 ileile, na binti yako ataifanya kwa kichwa.

Ukingo wa kijito ukivimba kwenda nje kati ya vigingi viwili, hesabu hii inapunguza kidogo. Ukiingia ndani, inaongeza. Kwenye kijito cha kupindapinda makosa hayo hufidiana kwa sehemu kubwa. Ila kama kuna mahali kijito kimekata kona ghafla, usisubiri mita 10. Weka kigingi pale penye kona, upime, na ile trapeza ya mita 4 au 6 uipigie hesabu yake peke yake kwa kimo chake. Vipimo vyote muvichukue siku moja, wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini, kwa sababu mwezi wa tano kijito kilekile kitakuwa kimemeza mita mbili za kila kipimo.